Ukuta wa Matofali kwa Rangi na Sponji: Mwongozo Kamili wa Kuupaka Sebuleni Mwako

Kabla hujanunua kopo lolote la rangi, nenda ukalete tofali moja nyumbani. Kutoka Kisumu, ukishika barabara ya Kakamega, ukapita Kiboswa na kuupanda mlima kuelekea Majengo na Mbale, utayaona marundo ya matofali ya kuchoma kando ya barabara na katikati ya mashamba. Omba moja kwa heshima, au linunue. Likifika nyumbani liweke karibu na dirisha, ulitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Utalihitaji siku zote za kazi hii, kwa sababu rangi ya tofali iliyo kichwani mwako si rangi ya tofali.

Nimelelewa katika nyumba ya matofali kama hayo, kwa nyanya yangu huko Vihiga. Udongo ulichimbwa karibu na mto, ukakanyagwa kwa miguu, ukajazwa katika fomu za mbao na kuanikwa kivulini. Yalipokauka yalipangwa kuwa tanuru lenye mashimo ya moto chini, likakandikwa matope nje, kisha kuni zikawaka usiku na mchana. Ndiyo maana matofali ya tanuru moja hayafanani. Yaliyokuwa karibu na mdomo wa moto hutoka meusimeusi yenye zambarau kidogo, ya katikati huwa mekundu yaliyoiva, na ya pembeni hubaki na rangi ya chungwa iliyopauka. Wekundu wenyewe hutokana na madini ya chuma yaliyomo udongoni. Yakichomwa penye hewa ya kutosha huwa mekundu, na penye hewa haba hubaki ya giza.

Naeleza haya yote kwa kuwa ukuta wangu wa kwanza wa kuchora, miaka kadhaa iliyopita katika nyumba ya kupanga hapa Kisumu, niliupaka rangi moja ya kahawia nyekundu, kila tofali sawa na mwenzake, na mistari myeupe katikati. Nilipima vizuri na mistari ilinyooka, lakini hakuna aliyeingia akadhani ni matofali. Nilikaa nao mwezi mmoja nikaufuta. Mambo mawili niliyoyakosa siku ile ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo huu: kila tofali lina rangi yake, na mwanga wa chumba una mahali unapotoka.

Kuchagua ukuta

Ukuta mmoja unatosha. Chagua ule unaotazamana na mlango au ule wa nyuma ya makochi. Kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza na umweleze kwamba utaurudisha ulivyokuwa. Mwishoni nitaeleza namna ya kuurudisha. Upate mwangaza wa dirisha kutoka upande mmoja ikiwezekana, maana hapo ndipo vivuli vitakapokuwa na maana.

Ukuta wenye unyevu uache. Huku kwetu kando ya ziwa hewa yenyewe ni nzito, na kuta nyingi za chini hunyonya maji kutoka kwenye msingi. Kuna jaribio rahisi: bandika kipande cha plastiki safi, kama nusu mita kwa nusu mita, ukizibe kwa tepu pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande unaogusana na ukuta, ukuta unatoa maji. Matone yakiwa upande wa chumbani tu, ni hewa ya nyumba. Vumbi jeupe kama chumvi likichomoza juu ya plasta, hilo nalo ni dalili ya maji yanayopita ndani, na rangi yoyote utakayopaka hapo itabambuka. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, kwenye bomba, mtaro au paa.

Plasta mpya ingoje wiki nne kabla ya kupaka. Simiti mbichi ina ukali unaokula rangi.

Kuutayarisha

Hapa sitakawia, kwa sababu kazi hii inasamehe ukuta usio laini. Tofali si kioo, na vinundu vidogo vya plasta vitakusaidia. Osha ukuta kwa sabuni ya unga na maji, suuza, uache ukauke. Penye ukungu pangusa kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa vinne, ukiwa umefungua madirisha, na kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Nyufa na mashimo ya misumari yazibe kwa plasta ya kuzibia, kisha piga msasa.

Ukuta ukiwa na rangi ya mafuta inayong'aa, lazima uukwaruze kwa msasa ili rangi mpya ishike. Piga msasa huo ukiwa umelowa maji, kisha pangusa kwa kitambaa. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Watoto wakae mbali siku hiyo. Baadaye paka anda koti, yaani koti la chini linalosaidia rangi ya juu kushika.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka kimejaa vumbi kama chaki, rangi ya zamani imechoka na inahitaji praima, rangi ya kwanza ya kuushikisha ukuta, kabla ya jambo lingine lolote. Zima swichi kuu ya umeme, fungua vifuniko vya soketi na swichi, uzibe matundu kwa tepu.

Vifaa

Nitatumia mfano wa ukuta wenye upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 2.7 kwenda juu, ambao ni karibu mita 9.7 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa koti moja kwenye ukuta laini. Kwa hiyo utahitaji:

- Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, kopo la lita 4, kwa ajili ya rangi ya simiti
- Rangi ya maji ya tofali, isiyong'aa, lita 2
- Chupa ndogo za steina, yaani rangi kali ya kutia ndani ya rangi nyingine: nyeusi, kahawia na njano ya udongo
- Sponji ngumu, vipande viwili vitatu
- Rola, brashi ya inchi mbili, na brashi nyembamba ya kuchorea, kama milimita 5
- Pima maji, futi ya kukunja, penseli, uzi, tepu ya karatasi, sinia la bati na makopo matupu

Sponji ya kuoshea vyombo ni laini mno, itakunjika mkononi. Tafuta mabaki ya godoro gumu kwa wanaotengeneza makochi. Ukizunguka soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya soko hutarudi mikono mitupu. Iwe na unene wa sentimita 5 hadi 7 ili uwe na mahali pa kushika.

Angalizo moja kuhusu rangi ya tofali. Usinunue rangi nyeupe ukifikiri utaitia steina nyekundu mpaka iwe tofali. Nyeupe ikikutana na nyekundu huzaa waridi, na ukiongeza chupa nyingine ya nyekundu utapata waridi kali zaidi. Nenda kwenye hadiwea yenye mashine ya kuchanganya, ubebe lile tofali lako, uombe rangi inayokaribiana na ule wekundu wake wa katikati. Mashine itatumia rangi ya msingi isiyo na weupe mwingi. Na kumbuka kwamba rangi za maji zenye giza hukauka zikiwa na giza zaidi kuliko zilivyokuwa koponi, kwa hiyo jaribu juu ya kadibodi na usubiri ikauke kabla ya kulinganisha.

Rangi ya simiti kwanza

Ukuta wote unapakwa rangi ya simiti, kisha matofali yanagongwa juu yake. Mistari inabaki yenyewe. Hutaichora hata mmoja, na ndiyo maana njia hii ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa.

Simiti ya ukutani si nyeupe. Ni kijivu chenye ukahawia wa mchanga, kama vumbi la barabara ya murram lililotua juu ya bati. Katika lile kopo la lita 4 tia steina nyeusi kijiko kimoja cha chai, koroga sana mpaka chini, kisha tia kahawia nusu kijiko, koroga tena. Endelea kidogo kidogo. Kuongeza ni rahisi, kupunguza hakuwezekani.

Koti la kwanza lipake kwa rola kama kawaida. Koti la pili ndilo ninalolipenda: chekecha mchanga mkavu wa mto kwa chekecheo ya unga, chukua ule laini uliopita, utie robo glasi kwa kila lita. Ukikauka ukuta unakwaruza vidole kidogo, na mwanga wa dirisha ukiupiga kwa pembeni unaona simiti kweli. Koroga mara kwa mara maana mchanga hutua chini.

Acha ukauke usiku kucha. Nakuru, mwezi wa Julai, asubuhi huwa na baridi kali; usianze kupaka mpaka jua lipande, kwa sababu rangi ya maji haishikani vizuri kukiwa na baridi iliyo chini ya nyuzi 10. Kisumu tatizo ni kinyume. Saa saba mchana rangi hukauka juu ya sinia kabla haijafika ukutani, kisha alasiri mvua ya radi inaleta unyevu na hakuna kinachokauka. Mimi hufanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano.

Hesabu ya kozi

Hapa usiharakishe. Mafundi wa mjengo huita kila mstari wa mawe kozi, na fundi mzuri hugawanya ukuta kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Nawe fanya hivyo.

Pima tofali lako. Ya kuchoma hutofautiana kijiji kwa kijiji, lakini tuseme uso wake ni sentimita 22 kwa 7. Ukiongeza mstari wa simiti wa sentimita 1, kila kozi inachukua sentimita 8. Sasa gawanya urefu wa ukuta: 270 kwa 8 ni 33.75. Ukienda hivyo, kozi ya mwisho itakuwa tofali lililokatwa, na jicho litaliona. Badala yake chagua kozi 34 kamili. Milimita 2700 ukigawanya kwa 34 unapata 79 na ushei. Kwa hiyo weka alama kila milimita 79, na milimita 14 zinazobaki zitafichwa na skating, ule ukanda wa chini ya ukuta penye sakafu. Hakuna atakayegundua kwamba mistari yako imepungua milimita moja.

Kwa upana, jihadhari na kipande chembamba. Tofali la milimita 220 na simiti 10 ni 230. Milimita 3600 kwa 230 ni 15.65. Kozi ya kwanza ikianza na tofali zima, mwishoni utabaki na kipande cha sentimita 15, si kibaya. Lakini kozi ya pili inaanza na nusu ili viungo vipishane, na huko mwisho utabaki na ukanda wa sentimita 3 tu. Hakuna mwashi anayejenga na ukanda wa sentimita 3. Suluhisho ni kugawanya 3600 kwa 15 na nusu, unapata 232. Simiti ya kusimama iwe milimita 12 badala ya 10, basi kozi moja itakuwa na matofali 15 na nusu, na inayofuata itaanza na nusu kisha 15. Ukuta unafunga vizuri pande zote mbili. Jumla yake ni kama matofali 527.

Dari na sakafu za nyumba nyingi hazilingani, kwa hiyo usizifuate. Tafuta usawa wa macho, piga mstari mmoja mrefu kwa pima maji, halafu pima kozi juu na chini kutoka hapo. Weka alama za milimita 79 kwenye kona mbili na katikati, vuta uzi, chora kwa penseli hafifu sana. Mistari ya kulala inatosha. Ya kusimama weka alama ndogo tu kila milimita 232, ukipishanisha kozi kwa kozi.

Kuna jambo la ujenzi ambalo jicho hulijua hata la mtu asiyewahi kushika mwiko: tofali haliwezi kuning'inia hewani. Juu ya mlango na dirisha lazima kuwe na kinachobeba. Chora linta: acha ukanda wa rangi ya simiti wenye kimo cha kozi mbili, upite mlango kwa sentimita 15 kila upande. Au simamisha matofali wima juu ya tundu, yakiwa yamebanana. Na kama ukuta wako unaishia kwenye kona inayotokeza, usiyakate matofali pale ukingoni. Yazungushe upande wa pili kwa upana wa sentimita 10, kama vile tofali linavyogeuka. Ukisahau hili, ukuta wote utaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Kupiga kura ya rangi

Mkono wa binadamu haujui kubahatisha. Ukijiambia uweke tofali jeusi hapa na pale, utayatawanya kwa nafasi sawa kama vifungo vya shati. Tanuru halifanyi hivyo. Mafundi nao wanapojenga huchukua tofali lililo karibu, kwa hiyo meusi mawili matatu hukaa pamoja, halafu unaona hatua nzima bila hata moja.

Njia ninayoitumia ni ya nafaka. Chukua mfuko, utie punje 14 za mahindi, maharagwe 4 na njugu 2. Kwa kila tofali chomoa moja bila kutazama, weka alama ya penseli ukutani, kisha irudishe mfukoni kabla ya kuchomoa tena. Mahindi ni rangi ya kawaida, maharagwe ni la kuungua, njugu ni lililopauka. Yakitoka maharagwe matatu mfululizo, yaache hivyo hivyo. Mwanangu mdogo ndiye aliyechomoa ukuta mzima, mimi nikiandika, na tulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kugonga matofali

Andaa rangi tatu katika makopo. Ya kawaida ni ile ya hadiwea ilivyo. Ya kuungua chukua nusu lita ya hiyo hiyo, tia steina nyeusi na kahawia mpaka ifanane na ngozi ya zabibu iliyokauka. Ya kupauka chukua robo lita, tia njano ya udongo na rangi ya simiti kidogo.

Kata sponji sentimita 22 kwa 7, na nyingine ya nusu, kwa msumeno wa chuma au kisu kikali. Usihangaike ikitoka imepinda kidogo. Tofali la kufyatuliwa kwa mkono halina kingo zilizochongwa. Zungusha pembe nne kidogo kwa mkasi, maana pembe kali mno husema uongo wetu wazi.

Lowesha sponji kwa maji, ikamue mpaka iwe kama nguo iliyoanikwa saa moja. Mimina rangi ya kawaida katika sinia, na pembeni yake mistari miwili myembamba ya zile nyingine, bila kukoroga. Chovya uso wa sponji, uguse kadibodi mara moja kupunguza, kisha bonyeza ukutani ukifuata mstari. Bonyeza kwa kiganja kizima, inua moja kwa moja bila kuburuta. Utaona michirizi ya rangi tatu ndani ya tofali moja, pamoja na vitundu vidogo ambavyo rangi haikufika. Viache. Hivyo ndivyo tofali lilivyo.

Gonga kwanza yote ya alama ya mahindi. Ukiona kila tofali lina mchirizi mahali pamoja, zungusha sponji juu chini. Osha sponji kila baada ya nusu saa, vinginevyo rangi huganda kingoni na mistari ya simiti inaanza kuziba. Kisha geukia ya maharagwe na njugu, kila kundi na sponji yake.

Kwenye kona na pembezoni mwa soketi sponji nzima haiingii. Kata kipande kidogo, au tumia brashi na ukimaliza ugonge juu yake kwa sponji kuondoa alama za nywele.

Wako wanaopenda kutumia tepu: wanabandika vipande vya upana wa simiti ukuta mzima, wanapaka juu, halafu wanabandua. Hutoa mistari iliyonyooka sana. Kwa ukuta huu tu wa mfano ungehitaji tepu zaidi ya mita 150, na matofali yangetoka kama ya kiwanda. Ukitaka nyumba ya mjini ya kisasa, fanya. Ukitaka tofali la kwetu, baki na sponji.

Koti la pili ni la kugusagusa tu. Ukuta ukikauka, chukua sponji nyingine iliyochanwa vidole vidole, ichovye kidogo sana, pitia kama nusu ya matofali ukiyapa doa la rangi isiyo yake: wekundu juu ya lililopauka, weusi kwenye pembe ya la kawaida. Mwisho chovya mswaki wa zamani katika rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, uukwangue kwa kidole ili urushe matone madogo ukutani. Funika sakafu na uvae miwani.

Kivuli

Simama mbali ukauangalie ukuta sasa. Rangi zipo lakini bado ni bapa. Kazi inayofuata itachukua nusu siku, na ndiyo itakayomfanya mgeni anyooshe mkono aguse.

Katika ukuta halisi uso wa tofali hutokeza milimita chache kuliko simiti. Mwanga ukitoka dirishani huangaza ukingo ulio upande wake, na ukingo wa pili hutupa kivuli juu ya simiti. Kwa hiyo uliza: dirisha liko wapi? Tuseme liko kushoto. Kivuli kitakaa chini ya kila tofali na upande wake wa kulia. Dirisha likiwa mkabala na ukuta, kivuli kitakaa chini peke yake, kwa kuwa mwanga wa angani hushuka, na usiku taa ya dari nayo hushuka. Kivuli cha chini hakikosei, ndiyo maana nakifanya kinene kuliko cha ubavuni.

Usitumie rangi nyeusi tupu. Changanya kahawia na nyeusi kidogo katika rangi ya simiti mpaka iwe ya giza, kisha izimue kwa maji, kipimo kimoja cha rangi kwa vinne vya maji. Kwa brashi nyembamba vuta mstari wa milimita 3 juu ya simiti, ukiwa umeshikamana na ukingo wa chini wa tofali, na mwingine wa milimita 2 ubavuni kulia. Mkono ukitetemeka, mstari ukanenepa mahali na kukonda mahali, ni bora zaidi. Palipo na tundu la sponji ukingoni, kivuli nacho kiingie tunduni.

Kisha mwanga. Chukua rangi ya kupauka, ongeza nyeupe kidogo, izimue. Gusa ukingo wa juu na wa kushoto, kwa mistari iliyokatika, katika tofali moja kati ya matatu. Ukigusa yote utaharibu.

Ukipenda, yape matofali machache majeraha. Kwa rangi ya simiti fanya doa dogo kwenye pembe, kana kwamba imemeguka, uweke kivuli ndani yake upande wa juu na wa kushoto, yaani kinyume cha nje, kwa sababu ni shimo. Tofali moja kati ya 20 linatosha.

Baada ya kukauka

Subiri siku mbili kabla ya kurudisha vifuniko vya umeme na kusogeza makochi. Vanishi si lazima. Ukihitaji ukuta unaopangusika kwa ajili ya watoto, tumia vanishi ya maji isiyong'aa hata kidogo, koti moja jembamba. Ya kung'aa itaufuta mchango wote wa vivuli ulivyochora, kwa kuwa tofali la kuchoma halirudishi mwanga kama bati.

Taa nayo ina neno lake. Ukifunga taa ya ukutani inayomulika kutoka chini kwenda juu, vivuli vyako vyote vitakuwa upande usio wake. Chagua inayomulika kwenda chini.

Na siku ya kuhama, usimwage nyeupe moja kwa moja juu ya ukuta huu, utapaka koti nne na wekundu bado utachungulia. Piga msasa kidogo kuondoa mchanga, paka anda koti nyeupe moja, iache usiku mmoja, kisha koti mbili za rangi ya maji. Ukitaka kumwonyesha mwenye nyumba kabla hujaanza kufuta, mwite. Mwenye nyumba yangu alisimama mlangoni, akausogelea, akapitisha vidole kwenye mstari wa simiti, akasema, "Huu uache."

Niliuacha.